Watazamaji wa Kitanzi

Tarehe 27 Februari 1906, pale Songea, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni hadharani. Mashujaa wanaotajwa ni 67, akiwemo nkosi Mputa Gama na nduna Songea Mbano, ambaye mji wenyewe umebeba jina lake. Sisi wa Mpitimbi habari hiyo tunaijua tangu vidudu. Tuliikariri, tukaijibu kwenye mitihani, tukapewa vema, tukaenda zetu kulima mahindi.

Ambalo hatukuulizwa hata siku moja ni hili: kwa nini hadharani? Mfungwa unaye. Kamba unayo. Boma lenye kuta nene unalo. Si ungemmaliza usiku, asubuhi ukatangaza kwamba fulani hayupo tena? Na hapa, msomaji, kuna jambo linaloniudhi mpaka leo. Kwao Ujerumani sheria ya mwaka 1877 ilikwisha agiza kwamba aliyehukumiwa kifo auawe ndani ya uzio, mbali na umati. Nyumbani walikuwa wanaficha. Huku wakatundika kweupe. Maana yake walijua vizuri sana kitanzi kina kazi mbili: moja kwa shingo ya anayekufa, na nyingine kwa macho ya anayebaki. Hata kiboko kilikuwa hivyohivyo. Ile hamsa ishirini ya wazee wetu haikuchapwa chumbani.

Basi swali likaniganda. Kama tamasha la mtawala linahitaji watazamaji, je, watazamaji wakigoma? Wakigeuza migongo wote kwa pamoja, hilo tamasha si litabaki upuuzi tu, askari wachache na magogo yao?

Nilimtupia swali hili rafiki yangu mmoja wa mjini, naye ni mwandishi kama sisi wa kurasa hizi, mwenye daftari kwapani na hadithi isiyokwisha. Akacheka. "Wee, ungegeuka, ungepigwa ya mgongo!" Na kweli. Mwaka ule 1906 watu wa huku hawakuwa na nafasi ya kugoma. Vijiji vilichomwa, maghala yalichomwa, chakula kikaporwa. Waliokufa katika vita vya Maji Maji, wengi wao kwa njaa iliyotengenezwa makusudi, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Kumwambia mtu aliyepita katika moto ule kwamba angefumba macho Mjerumani angeshindwa, hayo ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Lakini sikukubali kuliacha swali. Nikalipeleka Uganda.

Februari 10, 1973, Idi Amin aliamuru watu aliowaita waasi wapigwe risasi mbele ya umma, kila mmoja katika wilaya ya kwao, ili ndugu na majirani waone. Uwanja wa Kabale waliletwa watatu. Watu kama 3,000 walikusanywa. Askofu Festo Kivengere alikuwepo, akaruhusiwa kusema nao, na baadaye aliyaandika aliyoyaona. Anasimulia kwamba wale watatu walishuka wakiwa na nyuso za furaha, wakainua mikono yao yenye pingu kuwaaga watu, na wale askari wakaduwaa hata wakasahau kuwafunika nyuso. Kisha wakapigwa. Wakafa. Hakuna muujiza uliozuia risasi.

Sasa fikiri na mimi. Pale uwanjani hakuna aliyekataa kutazama. Macho yalikuwa kibao! Lakini kilichoonekana sicho kilichoagizwa. Amin aliagiza hofu. Watu wakaondoka na habari ya wanaume watatu waliotabasamu. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba nilikuwa naliangalia swali langu kwa upande wa visigino. Mtawala hahitaji macho tu. Anahitaji macho yaliyokubali kuona anachokiona yeye.

Tena nisidanganye watu: Amin hakuangushwa na tabasamu. Aliondolewa Kampala Aprili 1979, kwa vifaru na bunduki, na vijana wa Kitanzania wengi hawakurudi makwao. Wala wengi wa waliouawa naye hawakufia uwanjani. Walitiwa kwenye buti za magari, wakatoweka. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa ofisini kwake mahakamani Septemba 1972, mchana kweupe, akapotea moja kwa moja. Hapo hakukuwa na tamasha wala tiketi. Na Mwingereza wa Kenya je? Dedan Kimathi alinyongwa Februari 18, 1957, ndani ya gereza la Kamiti, akazikwa humohumo pasipo alama. Wakati wa vita vya Mau Mau walinyongwa zaidi ya watu elfu moja. Kwa hiyo mdhalimu anajua kufanya kazi jukwaani na anajua kufanya kazi nyuma ya pazia. Ukigeuza shingo, pengine ndiyo kwanza unamrahisishia.

Hili la mwisho lilinitisha. Maana mimi nilikuwa natafuta sababu ya kuwasifu wanaogeuza shingo. Nina ushahidi wangu mdogo wa nyumbani.

Siku moja, hapa hapa Mpitimbi, kijana mmoja alishikwa kwa madai ya kuiba kuku. Nyie mnajua inavyokuwa. Sauti moja, "Mwizi!", na watu wanatoka hata kwenye nyumba usizozijua kama zina watu. Duara likafungwa. Fimbo zikaanza, na mtu akaleta tairi. Magazeti hupenda kuwaita hawa "wananchi wenye hasira kali". Mimi niliwaangalia usoni, hasira sikuiona sana. Niliona watu wanaotaka kuonwa. Kila aliyepiga alitupa jicho pembeni kwanza, kama mchezaji anayetaka kujua kama jukwaa limeuona mpira wake.

Mama mmoja mtu mzima, ambaye nyumbani tunamwita bibi ingawa hatuna undugu wa damu, akawashika wajukuu zake wawili mikono. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Twendeni. Hapa hakuna ngoma." Akaondoka. Akina mama wengine wakamfuata, mmoja, wawili, wanne. Watoto wakafuata mama zao. Duara likawa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka sita. Na fimbo, jamani, zikapungua nguvu! Mpigaji anatupa jicho pembeni, anaona migongo.

Ningetamani kuishia hapo. Lakini wale akina mama hawakwenda kupika. Wawili walikwenda mbio kwa mtendaji wa kijiji, na bibi aliwaacha wajukuu kwenye mlango wa jirani akarudi, akasimama kimya karibu na yule kijana, mikono nyuma. Hakutukana, hakuhubiri. Alisimama tu mpaka mtendaji alipofika. Kijana alipona, na kovu analo. Kama wote wangekwenda zao na asirudi hata mmoja, nadhani wale jamaa wangemaliza kazi, tena kwa raha, kwa kuwa hakuna shahidi.

Kwa hiyo alifanya mambo mawili ambayo kwa maneno yanapingana: alikataa kuwa mtazamaji, na alikataa kuondoka. Nimekaa na tendo hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na kitabu chochote.

Sisi tunaoandika tuna la kujibu pia. Wengi wetu tulipenda kusoma kwa sababu ya Willy Gamba na Joram Kiango, na kwenye vibanda vya video tulilipa ili tumwone steringi akiua watu arobaini kabla ya mkanda kukwama. Sioni ubaya wake, steringi hafi na adui ni wa karatasi. Ila mimi huona hadithi zetu changa nyingi zinazoanza na maiti, na maiti yenyewe haina mama, haina deni dukani, haina hata jina la utani. Huo ni uandishi wa kutoka ndani ya duara.

Mjini Songea hawakuligeuzia kisogo lile tamasha la 1906. Wamelichukua likawa lao. Kila Februari watu wanakusanyika penye kaburi la pamoja, wazee wanavaa mavazi ya vita, ngoma zinapigwa, na watoto wanasomewa majina. Mahali palepale palipochaguliwa ili tuogope. Novemba 2023 alikuja Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, akasimama hapo, akakutana na ukoo wa Songea Mbano, akaomba msamaha. Familia inadai kichwa cha nduna, kinachosimuliwa kwamba kilikatwa kikapelekwa Ulaya, na yeye aliahidi kusaidia kukitafuta. Kile cha Mkwawa kilirudi Kalenga mwaka 1954.

Mtoto wa dada yangu ana simu yenye kioo kilichopasuka. Wiki iliyopita aliniletea, "Mjomba, ona hii," na kabla sijajibu nikaona tairi, moshi na miguu ya watu. Nikamwuliza ni wapi. Hajui. Nani? Hajui. Nikamwomba asinionyeshe mpaka ajue. Akanuna, akaondoka. Jioni akarudi na kuniambia kwamba amewauliza kwenye grupu lao: huyu ni nani, na kwao ni wapi? Hakuna aliyejua. Video zile huwa zinafuatwa na vikaragosi vya kucheka. Safari hii, anasema, palikuwa kimya kirefu, kisha mtu mmoja akauliza bei ya mbolea.