Mwanga Ulitoka Wapi?

Kesi nyingi za mauaji nilizoendesha nikiwa wakili wa serikali Shinyanga na Geita zilianza usiku. Bibi kalala na wajukuu, mlango unasukumwa, panga linashuka, wauaji wanatokomea gizani. Anayebaki hai ndiye shahidi wangu. Sikuanza kwa kumuuliza nani aliyeua. Nilimuuliza mwanga ulitoka wapi.

Sheria ilinilazimisha. Katika rufaa ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uondoke. Kwa hiyo nilikaa na mjukuu wa marehemu, mkalimani wa Kisukuma pembeni.

“Mwanangu, kibatari kilikuwa wapi?”

“Juu ya mtungi, baba.”

Utambi mkubwa au mdogo? Aliyeingia alisimama umbali gani? Ulimjua kabla? Binti alichoka, nami niliendelea, kwa sababu wakili wa utetezi angemuuliza hayo hayo bila huruma.

Machimboni ilikuwa ngumu zaidi. Pale Nyarugusu na Rwamagasa wachimbaji huvaa tochi kichwani. Anayemulika anaona, anayemulikwa usoni anaona weupe mtupu. Tena watu wanajuana kwa majina ya utani, na dhahabu ikisikika kwingine, shahidi anafuata rashi, ule mmiminiko wa wachimbaji. Hati ya wito inarudi haijasainiwa.

Nilianza kazi mwaka 2008, Bunge lilipotunga sheria ya kuweka mashtaka mikononi mwa mawakili wa serikali badala ya polisi. Vyeo vilikuja kwa zamu yake. Ninachokumbuka zaidi ni hofu ya miaka ile, watu wenye ualbino wakiuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta mali. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe. Tulipata nguvu. Lakini aliyeagiza na kulipa mara nyingi hakuonekana kizimbani, na hilo linaniuma mpaka leo. Mwenye panga hushikwa. Mwenye fedha hana shahidi aliyemwona.

Mashahidi wangu walirudi kulala kijiji kimoja na ndugu wa mshtakiwa. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ilikuja mwaka 2015, nayo ni njema, ila ulinzi wa kweli unaanzia kwa majirani.

Jambo lililookoa kesi kuliko yote ni jina kutajwa mapema. Mahakama ya Rufani imelisisitiza mara nyingi: shahidi aliyemtaja mshukiwa usiku ule ule kwa mtu wa kwanza kumfikia huaminika, anayemtaja baada ya wiki huzua shaka, na shaka ni haki ya mshtakiwa.

Mwenyekiti wa kitongoji, kamanda wa sungusungu, ukiitwa na yowe usiku, muulize aliyenusurika amemwona nani na kwa mwanga gani. Andika jina, saa na tarehe kabla hakujapambazuka, kisha mpe polisi karatasi hiyo.