Pombe Pia Ina Hesabu

Wasomaji wangu, leo siasa tuiweke kando. Nataka tupige hesabu za pombe. Wale mliolikimbia somo la hisabati kidato cha pili msiondoke, maana ni kuzidisha na kugawanya tu.

Huku Kizwite, mjini Sumbawanga, pombe ya ulezi si starehe peke yake. Kuna watoto wanaosomeshwa na pipa lile. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye kila nikipita nampa shikamoo yake, ni mmoja wa wanaoishi kwa kazi hiyo. Ulezi ulipompandia bei akanitupia swali: "Mwanangu, wewe umesoma. Togwa yangu ni lita 20. Nikiongeza maji lita 4, wanywaji watajua?"

Swali zito kuliko linavyosikika! Akiuza 20 kwa bei ileile, faida inaliwa na ulezi. Akiuza 24 ambazo ni maji, wateja wanahamia kwa mwingine, na jina la mpika pombe likishachafuka mtaani halisafishiki kwa sabuni.

Sasa tuingie jikoni. Uji ukishapoa kiasi na kutiwa kimea cha ulezi, vimeng'enya vya kimea huvunja wanga kuwa sukari. Hiyo ndiyo togwa, tamu, watoto wanakunywa. Hamira ikishaila ile sukari, tunapata kileo. Kwa hiyo ukali wa kesho umeshalala ndani ya utamu wa leo, na utamu huo unapimika.

Kipimo chenyewe kinaitwa haidromita. Ni kibomba cha kioo chenye uzito chini, unakiachia kielee. Kwenye maji matupu kinasoma 1.000. Sukari ikiongezeka kimiminika kinakuwa kizito, kibomba kinapanda. Ikisoma 1.054, tunasema pointi 54. Ila togwa ichujwe kwanza, na ipoe. Haidromita nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Pima kitu cha nyuzi 40, itakudanganya kwa kupunguza kama pointi 6.

Kanuni ni moja: maji hayaongezi sukari wala hayaipunguzi. Zidisha lita kwa pointi, jibu halibadiliki. Tuchukue lita 20 za pointi 54. Jumla ni 1,080. Ongeza maji lita 4, gawanya 1,080 kwa 24, unapata 45. Kadirio la kileo ni pointi zilizoliwa na hamira mara 0.13. Tuseme zote mbili zinaishia 1.010. Ya kwanza inatoa karibu asilimia 5.7, ya pili karibu asilimia 4.6. Mnywaji mzoefu atajua bila haidromita.

Je, kurudi juu? Njia moja ni kuchemsha maji yapungue, lakini moto unaua vimeng'enya vya kimea, na kuni nazo zina bei. Njia ya pili ni sukari ya dukani. Kilo moja inaleta karibu pointi 384 kwa lita moja. Lita 24 za pointi 54 zinahitaji jumla ya 1,296. Tunazo 1,080, zimepungua 216. Gawanya kwa 384: gramu 560 hivi. Nusu kilo na kidogo, basi! Lita 4 za ziada, na ukali uleule.

Nilimpelekea hesabu hiyo nikidhani imemaliza kazi. Mama akaiangalia karatasi, akaniuliza: "Na atakayekunywa hiyo, atashiba?"

Hapo ndipo haidromita inaponyamaza. Sukari ya dukani inaliwa yote na hamira, inaacha kileo na hewa. Haina unga wa ulezi unaobaki ndani ya pombe, ule uzito ambao mtu aliyelima tangu alfajiri anaukubali kama mlo. Tena ule wanga ambao haujavunjika haidromita haiuhesabu vizuri, wakati kimea kinaendelea kuuvunja hata pombe ikiwa inachacha. Kwa hiyo lita mbili zenye ukali sawa zinaweza kuwa chakula na kisicho chakula.

Mama aliacha lita zake 20, akapandisha bei kidogo, akawaambia wateja sababu waziwazi. Wengine walinung'unika, wakanywa.

Jamani, tuliosoma tuna ugonjwa wa kudhani kinachopimika ndicho chote kilichomo. Hesabu niliyoipiga ni sahihi, na ni vizuri kila mpika pombe aijue, kwa sababu inamwonyesha maji yanamgharimu nini kabla hajayamimina. Lakini namba inajibu swali uliloiuliza tu. Nani kati yetu mjini anauliza bia ya chupa kama inashibisha? Wa shambani anauliza, na ana haki.

Tafakarini. Mie naelekea kazini.