Ugali, Pamba na Joho la Bwana Harusi



Kila mwenye cherehani anajua kuchoma uzi. Mteja akileta kitambaa ambacho hajui ni cha nini, unachomoa nyuzi mbili tatu kwenye pindo, unawasha kibiriti, unatazama na kunusa. Pamba inaungua haraka, inanuka karatasi, na majivu yake ni laini ya kijivu. Tetroni inajikunja, inayeyuka na kutoa moshi mweusi, na ikipoa inabaki punje ngumu. Hariri inanuka nywele zilizoungua. Chuo cha ushonaji walitufundisha hayo kwa siku moja bila kutuambia sababu. Sekondari walitufundisha sababu, kwa Kiingereza cha kukariri, bila kutuonyesha uzi.

Sisi ni mawifi wawili, mmoja wa Unguja, mmoja mzaliwa wa Kilosa. Tunashona Kilosa mjini na kila wiki tunapeleka nguo Mikumi, kwa njia inayopita kijiji kiitwacho Ulaya (ndiyo, tunakwenda Ulaya bila pasipoti). Vumbi la njia hiyo linatupa muda wa kuzungumza, na mazungumzo yenyewe mara nyingi ni vitambaa.

Tuanze na pamba. Pamba ni sukari. Usicheke. Sukari iitwayo glukosi ni kaboni 6, hidrojeni 12 na oksijeni 6 zilizoshikana. Mmea unaitengeneza kwa jua, maji na hewa, kisha unaziunga glukosi moja moja kama shanga, maelfu kwa maelfu. Zikiungwa kwa namna moja zinajiviringa, unapata wanga, na huo ndio ugali wetu. Zikiungwa kwa namna nyingine, kila moja ikigeuziwa upande tofauti na jirani yake, mnyororo unanyooka, minyororo inalala sambamba na kushikana kwa nguvu. Hiyo ni selulosi, na hiyo ndiyo kanga uliyojifunga. Shanga ni zile zile, tofauti ni fundo tu.

Lakini fundo hilo ndilo linaloamua nani ashibe. Mate yetu yana kimeng'enya kinachokata fundo la wanga. Tafuna kipande cha muhogo uliochemshwa muda mrefu utaonja utamu unaanza. Cha kukata fundo la selulosi mwili wetu hauna. Nyati wa Mikumi naye hana! Anachofanya ni kufuga tumboni bakteria wanaoweza, wao wanakata, yeye anafaidi. Tembo anategemea vijidudu hivyo pia, ila kwenye utumbo wa nyuma, na kazi inabaki nusunusu. Tukienda Morogoro kufuata mzigo tunapita katikati ya hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na mavi ya tembo kando ya lami yamejaa nyuzi za nyasi kama mto uliochanika.

Sasa lililotushangaza zaidi. Walimu walituambia seli haionekani bila hadubini. Seli nyingi ni hivyo kweli, lakini chukua tumba la pamba, vuta unywele mmoja kwenye mbegu. Huo unywele wote, wa sentimita mbili au tatu, ni seli moja. Ilipokuwa hai ilikuwa na kila kitu cha seli: utando mwembamba wa mafuta na protini, maji, na kiini chenye DNA, ile barua ya urithi. Ikajirefusha, ikajijengea ukuta wa selulosi tabaka juu ya tabaka, kisha tumba likapasuka, ikakauka, ikafa. Sisi tunashonea ukuta uliobaki. Mkonge wa Kimamba na Rudewa ni selulosi pia, ila uzi wake mmoja mrefu ni seli nyingi fupi zilizogandana, na ndiyo maana ukitoka kwenye korona ni wa kamba na magunia, si wa gauni. Wenyewe si mwenyeji: Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai.

Hariri si sukari. Ni protini, mnyororo wa asidi amino, na ndani yake kuna naitrojeni ambayo pamba haina. Kiwavi anaitoa mdomoni. Nywele zetu nazo ni protini, basi harufu za moto zinafanana. Tetroni ina kaboni, hidrojeni na oksijeni kama pamba, ila hakuna seli iliyoisuka. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 1941, na malighafi yake hutoka kwenye mafuta ya petroli.

Elimu hii tuliihitaji siku nne kabla ya harusi moja Mikumi. Upande wa bwana harusi walileta kitambaa cha joho, cheupe, kinang'aa, kimeandikwa hariri, na bei yake walitutajia kwa sauti ya kusikika. Kaka wa bibi harusi akasema dada yake hatoolewa na mwanamume aliyevaa hariri. Mjomba aliyelipa akasema basi harusi haipo. Shehe aliulizwa, akajibu kwa upole kuwa kilichokatazwa kwa wanaume ni hariri ya kiwavi, si kung'aa. Kwa hiyo swali likawa letu.

Tulichomoa nyuzi mbele yao wote. Moto ukagusa, uzi ukajikunja, ukayeyuka, ikabaki punje nyeusi ngumu. Tetroni tupu. Tuliieleza kama tulivyowaeleza nyinyi, naitrojeni na yote. Kaka mtu akapumua. Mjomba akaiokota ile punje, akaigeuzageuza kwenye kiganja, na tuliona anapiga hesabu ya pesa zake. Halali, ndiyo, lakini alikuwa amelipa bei ya hariri, na muuzaji yuko mbali. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Kisha akauliza, "Wanangu, huyu kijana hatochemka humo?" Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Selulosi inapenda maji, inafyonza jasho. Tetroni inayakataa, yanabaki mwilini. Tukamwambia tutatia bitana ya bafta mgongoni na kwapani. Akatoa hela ya bafta bila kuomba kupunguziwa, akatutaka risiti.