Vidonda vya Tumbo Si vya Namna Moja

Siku hizi katika vijiji vyetu mtu akishika tumbo tu, jirani humwambia, "Hivyo ni vidonda vya tumbo." Mmoja humpa unga wa mizizi, mwingine humtuma dukani akanunue vidonge. Mara nyingi jirani huyo hakosei sana, maana vidonda hivyo ni vingi. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimgundua kijidudu anayevileta, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini vipo vidonda vingine, vichache, vinavyouma kama hivyo, na dawa yake ni nyingine kabisa. Jamaa yangu mmoja alivipata, ndiyo maana naandika.

Shemeji yangu ni mkulima wa mananasi huko Kiwangwa, kwenye barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata. Kwa miezi mingi tumbo lilimuuma chini, upande wa kulia. Alinunua vidonge vya kupunguza asidi; vikamtuliza siku mbili, maumivu yakarudi. Jioni alishikwa na homa, usiku jasho liliilowesha shuka, na mwili ukazidi kukonda. Dada yangu akasema, "Ugonjwa huu haujui dawa hiyo. Twendeni hospitali." Tukaenda Bagamoyo, na huko wakatuandikia barua ya kwenda Muhimbili.

Madaktari walipitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni mpaka tumboni. Hawakuona kidonda. Siku nyingine wakaupitisha kwa njia ya haja kubwa, na pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana wakavikuta vidonda. Wakachukua vipande vidogo vya nyama wakavipeleka maabara. Majibu yakaja: kifua kikuu cha utumbo.

Shemeji alishangaa. "Daktari, mbona mimi sikohoi?"

"Mzee," daktari akajibu, "jina ni la kifua, lakini mdudu huyu hukaa popote mwilini."

Mdudu huyo aligunduliwa mwaka 1882 na Mjerumani Robert Koch, ambaye mwaka 1897 alifika Dar es Salaam kuchunguza malaria. Huweza kufika utumboni kwa damu, au kwa makohozi ambayo mgonjwa wa mapafu huyameza. Pia kuna kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho humfikia mtu kwa maziwa mabichi. Basi akina mama, chemsheni maziwa.

Dawa alipewa bure: aina nne kwa miezi miwili, kisha aina mbili kwa miezi minne. Muuguzi alimwonya mapema kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa, asiogope. Mwezi wa tatu maumivu yalikwisha, mananasi yakaiva, naye akataka kuziacha. Dada yangu akamwambia, "Baba watoto, dawa za miezi sita haziliwi mitatu." Akazimaliza, na leo analima.

Nchi yetu ina sifa katika jambo hili. Tangu mwaka 1977 mpango wa taifa wa kupiga vita kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na daktari Karel Styblo, ulionyesha kwamba hata mgonjwa wa kijijini hupona akimeza dawa zake mpaka mwisho chini ya uangalizi. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaueneza utaratibu huo katika mataifa mengi.

Kifua kikuu si peke yake. Ameba huchimba vidonda katika utumbo mpana, na mgonjwa huharisha damu. Homa ya matumbo isiyotibiwa yaweza kuutoboa utumbo. Hata aspirini na diklofenaki, zikimezwa kila siku kwa maumivu ya mgongo, huchubua tumbo. Kila kimoja kina tiba yake, na macho ya jirani hayawezi kukitambua.

Kwa hiyo, ukiona tumbo linauma huku unakonda, una homa za jioni, au dawa ya dukani haikuponyi, nenda ukapimwe, na umweleze mganga dalili zote bila haya. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au tumbo likikakamaa ghafula kama ubao, usingoje kupambazuke. Mficha maradhi, kifo humuumbua.