Kiapo cha Mama Mtoto

Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya watu ambao maisha yao ya pamoja hayana cheti. Najua ni wengi. Kwetu Kenya wapo waliokaa nyumba moja miaka na miaka, wakalea watoto, wakazikiana wazazi, na siku karani anapouliza cheti cha ndoa wanabaki kutazamana. Mimi naishi Edmonton, Kanada, nikihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza. Mwenzangu nilimwacha Voi bila kujua tungeonana tena lini. Leo tuko pamoja, na aliyetufikisha hapa ni mtu ambaye wengi walitarajia angekuwa adui yetu.

Nilirudi Voi mama alipougua figo. Alihitaji kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mtu wa kumpeleka na kumrudisha alikuwa fundi wa magari mwenye gereji pembeni ya barabara kuu ya Mombasa. Alikuwa akija na gari la mteja, wakati mwingine na mafuta ya injini bado mikononi, na kumbeba mama kutoka mlangoni hadi kitini. Hakuwahi kunidai chochote. Polepole akawa mtu wa nyumbani, kisha tukaishi pamoja kwa zaidi ya mwaka, hadi mama alipofariki na hata baada ya matanga. Mama mwenyewe, aliyekuwa mkali sana kwa mambo ya watu kukaa pamoja bila harusi, alikuwa akimwita "mwanangu".

Harusi hatukuweza kufunga. Mwenzangu alikuwa na ndoa ya kanisani, ingawa mkewe alikuwa amerudi kwao Taveta zamani, binti yao akiwa hata shule hajaanza. Kesi ya talaka ilifunguliwa, ikakwama kwenye mzozo wa ploti waliyonunua pamoja, ikawa ni kuahirishwa tu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inasema ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja, kwa hiyo talaka isipotoka, huwezi kuoa mwingine. Na ile njia ya mahakama kuwahesabu watu kuwa mume na mke kwa kuwa wameishi pamoja muda mrefu nayo haikutufaa. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa Januari 2023, iliweka miongoni mwa masharti kwamba wote wawili wawe na haki ya kuoana. Machoni pa sheria ya nyumbani, basi, mimi na yeye hatukuwa kitu.

Nilirudi Edmonton kwa sababu ya deni la hospitali na mazishi. Nikitoka zamu ya usiku nilikuwa nikikaa mezani na chai, nikisoma mwongozo wa serikali kuhusu kumdhamini mwenzi. Hapo ndipo nilipopata pumzi. Sheria ya uhamiaji ya Kanada iliyoanza kutumika mwaka 2002 inamtambua mwenzi mliyeishi naye kinyumba kwa mwaka mmoja mfululizo, hata bila cheti. Inamtambua hata kama ana ndoa ya zamani ambayo haijavunjwa mahakamani, mradi ndoa hiyo imekufa kweli na wenyewe wanaishi mbalimbali. Watu wa kanisa letu walinibishia sana, wakisema ni lazima miaka mitatu. Hiyo mitatu ni ya sheria ya jimbo la Alberta, ambayo ina mambo yake, kama urithi na matunzo. Uhamiaji unafuata sheria ya nchi nzima. Wengine wakaniambia mgonjwa wa kisukari, kama alivyo mwenzangu, hukataliwa kwa kuogopewa gharama za matibabu. Si kweli kwa mwenzi anayedhaminiwa: sheria imemwondoa katika sharti hilo. Nayaandika haya kwa sababu uvumi umewavunja moyo watu waliokuwa na haki kamili ya kuomba.

Ushauri uliotutesa zaidi ulikuwa huu: mwenzangu aandike hajawahi kuoa na hana mtoto, mambo yaende haraka. Ulitoka kwa watu wanaotupenda. Tulikataa. Uongo kwenye fomu humfungia mtu mlango wa Kanada kwa miaka mitano, lakini hata bila adhabu hiyo tusingemfuta mtoto. Tena kanuni za udhamini ni kali kuhusu watoto. Kila mtoto lazima atajwe na apimwe afya, hata yule asiyesafiri na mzazi. Asipotajwa, au asipopimwa, kwa kawaida baadaye mzazi hawezi kumdhamini kama mtoto wake. Binti alikuwa na miaka tisa. Ili apimwe, mama yake alipaswa kukubali.

Mwenzangu alishika njia ya Mwatate hadi Taveta. Bibi wa mtoto alimpokea vizuri, akampa chakula, lakini mama mtoto alikataa kabisa. "Leo mnataka apimwe, kesho mtamchukua." Sikumlaumu hata kidogo. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Nikaomba nizungumze naye mwenyewe kwa simu, na ikapita muda kabla hajakubali kupokea.

Nilimwambia, "Dada, simchukui mtoto. Nataka baba yake asije akafungiwa njia ya kumwita siku mkiamua nyote."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Na wewe ukichoka naye huko? Mtoto wangu atabaki na baba wa kumwona kwenye simu?"

Sikuwa na ahadi ya kumpa juu ya kesho. Nilimweleza kuhusu mama yangu na ile safari ya hospitali mara mbili kila wiki. Akaniambia anayajua hayo. Alikuwa amekuja matangani, akapika na wanawake wengine nyuma ya nyumba, akaniona, nami sikujua ni yeye. Nilishika simu nikalia. Yeye alisubiri nimalize, kisha akauliza daktari yuko wapi. Wakati ulipofika, alimpeleka binti Nairobi mwenyewe kwa daktari aliyeidhinishwa. Alipokea nauli tu.

Maombi yenyewe tuliyatuma kwa mtandao. Ada wakati huo ilikuwa dola 1,205 za Kanada, na dola 85 za alama za vidole juu yake. Chama chetu cha akina mama kilinikopesha sehemu. Mwenzangu alilipia cheti cha polisi cha maadili mema kupitia eCitizen, akaenda Huduma Centre kuweka vidole. Mambo hayo hayakutusumbua. Shida ilikuwa kuthibitisha kwamba tuliishi pamoja. Mkataba wa nyumba ulikuwa wa mdomo, kama kwa wapangaji wengi wa Voi, na akaunti ya pamoja benki hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni taarifa zetu za M-Pesa. Nilizipitia mstari kwa mstari: kodi kwa mama mwenye nyumba, mwezi huu kutoka kwa mwenzangu, mwezi ujao kutoka kwangu, tokeni za stima za mita ileile, maji ya mkokoteni bomba lilipokauka, dawa za mama, insulini ya mwenzangu, jeneza. Sijawahi kusoma kitu kilichonigusa kama karatasi zile. Maisha yetu yote yalikuwa humo, shilingi kwa shilingi.

Halafu tukangoja. Majira ya baridi Voi iko mbele ya Edmonton kwa saa kumi, kwa hiyo alipokuwa akifungua gereji mimi nilikuwa nikiwalaza wazee. Tulikuwa tukiombea simuni, yeye asubuhi yake, mimi usiku wangu. Zilikuwapo siku ambazo nilishindwa kuomba na yeye akaomba kwa niaba yangu.

Barua ikaja. Afisa wa uhamiaji alikuwa na mashaka mawili: kama kweli tulitimiza mwaka mfululizo, na kama ile ndoa ya kanisani ilikuwa imekwisha au mke bado yupo. Alitupa nafasi ya kujibu kabla ya kuamua. Mwenzangu aliisoma akaniambia basi, tumejitahidi, tumwachie Mungu. Mimi nilijua kwamba tukikataliwa nina haki ya kukata rufaa, kwa vile yeye yuko nje ya nchi, lakini rufaa ingetula miaka. Mama mwenye nyumba aliandika barua na kuweka kidole gumba. Naibu wa chifu aliandika. Jirani tuliyekuwa tukigawana naye maji aliapa mbele ya wakili. Yote hayo yalijibu shaka la kwanza. La pili hakuna aliyeweza kulijibu ila mtu mmoja.

Nilipompigia mama mtoto sikuwa nimemaliza kueleza aliposema, "Nitumie unachotaka kiandikwe." Nikakataa. Nikamwomba aseme anachokijua, kwa maneno yake. Alikwenda kwa wakili wa Taveta akaapa kwamba ametengana na mume wake tangu mtoto hajaanza shule, kwamba hawajarudiana, kwamba kinachochelewesha talaka ni ploti na si mapenzi, na kwamba siku za matanga Voi alitukuta mimi na yeye tukiishi nyumba moja kama mume na mke, na ndugu na majirani wakituchukulia hivyo. Karatasi moja na nusu. Hakudai aachiwe ploti, ingawa angeweza. Wakili ndiye aliyetutumia nakala. Mwenyewe alituma ujumbe mfupi tu: "Nimemaliza. Mtoto ana homa, nampeleka hospitali."

Kibali kilitoka. Nilipiga magoti kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini, na mfanyakazi wa zamu yangu, Mfilipino aliyemdhamini mumewe kabla yangu, akapiga magoti pembeni yangu bila kuuliza.

Tangu siku mwenzangu alipopata ukaazi wa kudumu, ahadi yangu ya udhamini ya miaka mitatu inahesabika. Akipokea msaada wa serikali katika muda huo, nitaulipa mimi, hata tukiachana. Nilitia sahihi nikiwa na amani. Wengine bado wanamtisha kwamba tukigombana ndani ya miaka miwili atarudishwa. Sharti hilo lilifutwa mwaka 2017, nami namkumbusha kila anapolisikia tena, kwa sababu sitaki akae nami kwa hofu.

Talaka bado iko mahakamani, ila ploti wameshakubaliana: itaandikwa jina la binti. Sasa mazungumzo ni juu ya binti mwenyewe, maana kwa kuwa alitajwa na kupimwa, baba yake anaweza kumdhamini. Mama mtoto anataka amalize gredi ya sita kwanza, na likizo zake awe akizipitisha Taveta. Tumekubali yote mawili. Wiki ijayo naanza kusoma fomu zake.