Hiyo Barafu ni ya Nani?

Neno barafu lina maana nyingi hapa kwetu, na karibu zote ni ndogo ndogo. Kwa mtoto wa shule ya msingi pale Manzese, barafu ni kile kifuko cha nailoni chenye juisi ya ubuyu iliyogandishwa, unang'ata kona, unafyonza mpaka ulimi unakuwa mwekundu. Kwa muuza samaki wa Feri ni bonge la kuvunja na kumwaga juu ya changu wasioze. Kwa wapandaji wa Mlima Kilimanjaro, Barafu ni jina la kambi, mita 4,600 na ushee juu ya bahari, unapojilaza saa chache kabla ya kuanza safari ya kileleni usiku wa manane. Ukimwambia yeyote kati ya hao kwamba barafu ni uwanja wa mpira, atakuuliza umekula nini.

Lakini wapo vijana wa Afrika Mashariki ambao kwao barafu ni uwanja. Na hawako Canada wala Sweden. Wako Nairobi, Barabara ya Mombasa, ndani ya jengo la Panari. Mwaka 2005 ulifunguliwa humo uwanja wa kuteleza kwenye barafu, wa kwanza katika ukanda huu wetu. Nchi iko kwenye mstari wa ikweta, nje watu wanagombania matatu kwenye vumbi, na ndani kuna mtu anaanguka kwenye barafu analipia kuanguka huko!

Nimeifuatilia timu hii kwa muda sasa, na nadhani historia yake inatuhusu hata sisi tusiojua kuteleza. Kwa hiyo vumilieni, leo nitakuwa mrefu kidogo.

Tuanze na mchezo wenyewe. Hoki ya barafuni inachezwa na watu sita kwa sita, golikipa akiwa mmoja wao. Hakuna mpira wa duara. Kuna kisahani cha mpira mgumu, kipenyo kama sentimita 7.6, uzito kati ya gramu 156 na 170, na kabla ya mechi hugandishwa ili kisidundedunde. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Mchezaji hakai uwanjani muda mrefu, dakika moja tu au pungufu, kisha anatoka mwingine anaingia, kwa sababu ukikimbia kwa kasi ile mapafu yanaomba msamaha. Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 60 na upana wa kati ya 26 na 30. Uwanja wa Panari uko mbali na kipimo hicho. Ni mdogo, ukipiga hatua chache umefika ukutani.

Na barafu yenyewe haiji kwa maombi. Chini ya sakafu kuna mabomba yanayopitisha kimiminika cha baridi kali, mashine zinafanya kazi ile ile ya friji lako la nyumbani, ila kwa ukubwa wa kutisha. Maji yanamwagwa tabaka jembamba juu ya tabaka, yakiganda yanaongezwa mengine, mpaka unapata unene wa sentimita chache. Watu wakishachezea, uso wake unachanika, unabidi kulainishwa tena kwa maji, na ajabu ni kwamba maji yanayopendelewa ni ya moto! Yanayeyusha kidogo mikwaruzo ya juu kabla ya kuganda upya. Sasa piga hesabu ya umeme. Mashine zikizimwa, uwanja wote unakuwa dimbwi. Hii ni hoja ya muhimu, nitairudia.

Walioanza kucheza hoki pale Nairobi walikuwa wageni, hasa Wamarekani na Wakanada waliokuwa wakifanya kazi mjini humo na wakikumbuka kwao. Wakenya waliingia taratibu. Wengi wao walikuwa vijana waliokwisha zoea skati za magurudumu, wale unaowaona wakipita kati ya magari kama hawana mama nyumbani. Mtu aliyejifunza kusimama kwenye magurudumu barabarani, barafu haimtishi sana. Kutoka hapo, mwaka 2016, ikajulikana timu inayoitwa Kenya Ice Lions, yaani Simba wa Barafu. Nahodha wake Benard Azegere, kocha wake Mkanada Tim Colby.

Shida yao kubwa ilikuwa nini? Si vifaa, ingawa vifaa navyo vilikuwa shida. Ilikuwa mpinzani! Timu pekee katika ukanda mzima, utacheza na nani? Walikuwa wakigawana wao kwa wao, nusu huku nusu kule. Hebu fikiria Simba SC bila Yanga. Mchezaji anafunga goli, golikipa aliyefungwa ni mshkaji wake wanayepanda naye daladala moja kurudi nyumbani. Jirani wa karibu mwenye hoki ya maana alikuwa Afrika Kusini, ambayo imo katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni tangu 1937, na huko si safari ya kwenda na kurudi Jumapili.

Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Canada, Tim Hortons, ikawachukua wachezaji 12 mpaka Canada. Wakavaa vifaa kamili, wakaingia uwanja wa kipimo kamili, wakacheza na timu nyingine kwa mara ya kwanza. Katikati ya maandalizi mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ukafunguliwa, wakaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, tayari wamevaa jezi za Kenya. Kwa asiyejua hoki, ni kama uko Ndanda unafunga kamba za viatu, halafu Messi anakaa pembeni yako anauliza namba gani haina mtu. Lilikuwa tangazo la biashara, tusidanganyane. Kampuni inauza kahawa. Lakini ilitangaza pia mchango kwa ajili ya hoki ya vijana Kenya, na ile furaha ya usoni mwa wale jamaa haikuwa ya kuigiza.

Sasa tufike kwenye watoto, maana ndio hasa walionifanya niandike. Baada ya wakubwa kujua kuteleza, waliwageukia wadogo. Wachezaji wenyewe wakawa makocha. Mwishoni mwa wiki watoto wanafika, wengine wakitoka mitaa ya kipato cha chini, wanavaa viatu na helmeti zilizochangwa kutoka ng'ambo, nyingine zimewazidi namba. Siku ya kwanza mtoto anashika ukuta. Siku ya pili anashika ukuta kwa mkono mmoja. Halafu siku moja anaachia. Anayewafundisha ni mtu waliyezaliwa naye mji mmoja, anayetania kwa Sheng, anayejua kwamba leo fulani hajala.

Hii kwangu ndiyo timu yenyewe. Wale 12 wa 2018 walikwenda na kurudi. Wakicheza wao tu, hadithi itaisha magoti yao yakichoka. Timu ya watoto ndiyo inayosema mchezo huu ni wetu, umezaa. Septemba 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa lile shirikisho la kimataifa. Watu wazima walishangilia, sawa. Lakini atakayekula matunda ya uanachama ule ni yule aliyekuwa ameshika ukuta.

Niliwaonyesha vijana wawili tangazo lile la 2018 nikiwa Ololosokwan, tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Wengi mnaifahamu Loliondo kwa kikombe cha Babu wa Samunge cha mwaka 2011. Ololosokwan ni kijiji cha mpakani kabisa, upande mmoja Serengeti, upande mwingine Kenya. Kutoka pale kwenda Nairobi kupitia Narok ni karibu kuliko kwenda Dar es Salaam. Kijiji kina redio ya jamii, Loliondo FM, na UNESCO na Samsung waliwahi kuweka pale kijiji cha kidijitali kinachotumia umeme wa jua. Kwa hiyo usidhani nilikuwa nawaonyesha watu simu kwa mara ya kwanza.

Tulikuwa nje ya duka. Walisogea, wote wawili na fimbo zao, wakatazama mpaka mwisho. Wa kwanza akauliza swali la kitaalamu: "Kaka, hizo fimbo wamekata mti gani?"

Nilifurahi kwa sababu jibu lipo. Siku hizi ni nyuzi za kaboni, lakini zamani fimbo za hoki zilizosifika zilichongwa na Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa Nova Scotia, jimbo lile lile anakotoka Crosby. Walitafuta mti mgumu wenye mzizi uliojikunja wenyewe, ili fimbo iwe na kisigino bila kuungwa. Kijana alitikisa kichwa kwa heshima. Mtu anayejua kuchagua fimbo anamtambua mwenzake hata akiwa bara jingine.

Wa pili alikuwa kimya. Akarudisha video nyuma, kwenye kile kipande cha Nairobi, akauliza: "Na hiyo barafu ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya hoteli.

"Kwa hiyo hoteli ikisema basi?"

Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa amemaliza. Nimesoma makala nyingi za Kiingereza kuhusu Ice Lions, zote zinashangaa jua, ikweta, Waafrika kwenye baridi. Sikuona hata moja iliyoanza na swali lile. Saa za barafu zinalipiwa. Ratiba inapangwa na mwenye nyumba. Mwaka 2020 korona ilipofunga milango, wachezaji walibaki na viatu mkononi. Mkulima uwanja wake ukikauka anasubiri mvua, lakini huyu uwanja wake unaweza kuzimwa swichi ukayeyuka. Simlaumu mwenye hoteli, jamani. Bila yeye kusingekuwa na chochote, na bili ya umeme hailipwi kwa makofi. Nasema tu kwamba timu nzima, wakubwa na watoto, inasimama juu ya kitu ambacho si chake.

Na mnajua kwa nini kijana wa Ololosokwan aliliona hilo haraka kuliko waandishi wote? Kwa sababu kwao hilo ndilo swali la kila siku. Juni 2022 serikali iliweka vigingi kwenye eneo la kilomita za mraba 1,500 la Loliondo, ikisema ni kulinda mapito ya wanyamapori na vyanzo vya maji. Wafugaji wakasema hiyo ni nyanda yao ya malisho. Kabla ya hapo, mwaka 2017, vijiji vinne, Ololosokwan kikiwamo, vilikwishafungua kesi kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha. Septemba 2022 kesi ikatupwa, na Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaamua isikilizwe upya. Mtoto aliyekulia katikati ya maneno hayo, ukimwonyesha watu wanacheza mahali, haulizi wamefunga ngapi. Anauliza pale mahali ni pa nani.

Kuna wenzetu waliokwenda kuifuata barafu ilipo. Vijana wa Kisomali waliofika kama wakimbizi kwenye mji wa Borlänge, Sweden, walifundishwa bandi, ndugu yake hoki unaochezwa kwa mpira mdogo wa duara, na mwaka 2014 wakaiwakilisha Somalia kwenye mashindano ya dunia kule Irkutsk, Urusi. Walifungwa kila mechi, na kwa magoli mengi. Lakini Sweden barafu ipo uwanja wa jirani, majira ya baridi yanaileta, manispaa inaitunza. Wale hawakuwa na hofu ya swichi. Hofu yao ilikuwa nyingine, kama mji utawakubali.

Kwa hiyo, ndugu zangu, naona tumekuwa tukiuliza swali dogo. Tunauliza kama Mwafrika anaweza kuteleza kwenye barafu. Swali hilo lilijibiwa zamani na mtoto aliyeachia ukuta. Kubwa ni nani anamiliki mahali pa kuchezea, na hili haliko Panari peke yake. Pitia Dar, hesabu viwanja tulivyochezea chandimu tukiwa wadogo ambavyo leo ni maghorofa, maegesho, vituo vya mafuta. Hakuna aliyekuja kutunyang'anya mpira. Walichukua kiwanja, na mpira ukaisha wenyewe.

Shirikisho jipya la Kenya likitaka kujua la kufanya kwanza, mimi sina uzoefu wa hoki, lakini ningelishauri lisianze na jezi wala safari. Lianze na mkataba wa saa za watoto, ulioandikwa na kusainiwa, ambao mwenye nyumba akibadilika bado unasimama. Uwanja wao wenyewe utachukua miaka. Karatasi inachukua wiki.

Yule kijana alinirudishia simu, akachukua fimbo yake, akasema kitu kwa Kimaasai, mwenzake akacheka. Nikaomba tafsiri. Akasema: "Nimemwambia hao watoto wa Nairobi wafanye haraka kukua, kabla haijayeyuka."