Umbali Ambao Ndege Haiufupishi



Kutoka Uvira hadi Kinshasa, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 1,500. Ndege kubwa ya abiria huukata umbali huo kwa saa mbili hivi. Na kwa kuwa saa za Kinshasa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, anayeruka kutoka upande huu saa sita mchana hutua huko saa saba. Amesafiri saa mbili, lakini saa ya ukutani yahesabu moja tu.

Hata hivyo, sisi wa Uvira twajua kwamba safari haianzi angani. Kwa kuwa hatuna ndege ya kutupeleka moja kwa moja, imetupasa kupanda bonde la Ruzizi, kupitia Kamanyola hadi Bukavu na uwanja wa Kavumu, ama kuvuka mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura. Vita vilipofika Kavumu, Februari 2025, mlango mmoja ulifungwa. Bujumbura nayo haizidi kilomita 30, na usiku twaziona taa zake ng'ambo ya ziwa. Lakini mpaka ukifungwa, kama wakati wa korona mwaka 2020, jirani huyo huwa mbali kuliko Kinshasa. Kilomita hazibadiliki, bali njia hurefuka au kufupika kadiri ya amani iliyopo.

Tarehe 18 Agosti 2024 Kardinali Fridolin Ambongo, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alikuja kwetu kuwatangaza Wenyeheri wafiadini wanne wa Baraka na Fizi: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin na Abbé Albert Joubert. Watatu wa kwanza, Wamisionari Wasaveri, walitoka Italia, zaidi ya kilomita 5,000 kutoka hapa. Safari iliyowagharimu zaidi haikuwa hiyo. Tarehe 28 Novemba 1964, pale Baraka, Bruda Faccin alikuwa amekwisha kupigwa risasi. Padri Carrara aliamriwa kupanda gari. Akakataa, akapiga magoti kando ya mwili wa ndugu yake, akauawa hapo hapo. Zilikuwa hatua chache tu.

Barabara ya Yerusalemu hadi Yeriko, katika mfano wa Msamaria Mwema, nayo ni fupi, karibu sawa na yetu ya Bujumbura. Kuhani na Mlawi hawakushindwa na urefu wake. Walishindwa kuukata upana wake, wakapita kando.

Wengi wetu twatamani kuruka kwenda Kinshasa, Nairobi au Ulaya, na kutamani huko si dhambi. Lakini kuna kijana tunayeketi naye benchi moja kanisani, ambaye lugha ya nyumbani kwao imetufanya tumshuku tangu vita vilipoanza. Kati yake na sisi hakuna hata mita moja. Umbali huo hakuna rubani atakayetuvusha. Tutauvuka wenyewe, kwa salamu, kwa msamaha, na kwa kumtembelea anapofiwa.

Tujiulize katika vikundi vyetu:
1. Ni nani aliye karibu nasi ambaye tumemweka mbali?
2. Juma hili, ni hatua gani tutakayoipiga ili kumfikia?

Wenyeheri wafiadini wa Baraka na Fizi, mtuombee.